Mnyama Alipigwa Wapi?

Juzi, baada ya sala ya alfajiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu Msambweni nikingoja chai, mara akanijia kijana mmoja na gunia mgongoni. Alinisalimu kwa adabu, akatua mzigo wake, kisha akatazama huku na huku kabla ya kusema.

"Mzee, nina nyama ya nyati. Mbichi, ya jana. Nusu ya bei ya buchani."

Nikamwuliza, "Alipigwa wapi?"

"Mkongani, mzee."

"Sikuulizi kijiji, mwanangu. Nauliza nyati mwenyewe. Alipigwa wapi? Bega? Shingo? Tumbo?"

Kijana alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la wazimu. Mwisho alisema kwa sauti ya chini kwamba hakupigwa, alinaswa kwa waya. Nilimwambia arudi na gunia lake, na nikamweleza kwa nini. Lakini alipokwisha kuondoka, swali nililomwuliza lilibaki nami. Swali hilo si langu. Nililirithi kwa babu yangu, mzaa mama, aliyekuwa mtu wa Mkongani hiyo hiyo aliyoitaja kijana, pembezoni mwa msitu wa Shimba. Na kwa kuwa hata mimi sasa naelekea uzeeni, nimeona niliweke hapa ukurasani lisije likazikwa pamoja nami.

NYATI WA JIONI

Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka 1976. Nilikuwa sijatimiza miaka kumi, nasoma chuoni mjini Mombasa, na mama alinipeleka kwa wazazi wake ili, kama alivyosema, nipate kuijua jembe. Mwezi ule ulikuwa mgumu. Mahindi ya zamani yalikwisha, mapya yalikuwa yamefika magotini tu, na watu walikuwa wakiishi kwa muhogo na nazi. Kila jioni wanyama walitoka msituni wakaingia mashambani.

Jirani mmoja alikuwa na bunduki ya leseni. Magharibi moja nyati dume, mkubwa, wa pekee, alitoka akaingia shambani mwake. Jirani akatoka mbio. Nyati aliposikia makelele aligeuka kurudi msituni, na jirani akampiga kwa nyuma hali anakwenda. Sisi tulikuwa uani kwa babu. Tulisikia mlio wa bunduki, na baada yake mlio mwingine mdogo, mzito, kama mtu apigaye ngoma iliyolowa maji.

Babu aliinua kichwa, akasema neno moja: "Tumbo."

Akachukua kandili, akaenda, nami nikamfuata. Shambani watu walikuwa wakishangilia kwamba nyati amepatikana. Babu hakusema kitu. Aliinama akatafuta penye majani yaliyovunjika, akaokota jani moja, akalinusa, akanipa na mimi ninuse. Lilikuwa na damu chache, rangi ya tope, imechanganyika na maji ya majani yaliyotafunwa, na harufu yake harufu ya zizi. Akanambia, "Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu; hiyo huifuati mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini. Hiyo yataka subira. Hii ni ya tumbo. Huyu yu hai, na atakuwa hai mpaka kesho, na usiku kucha atakuwa na uchungu."

Wenye haraka walitaka kuingia msituni na mienge. Babu aliwakataza, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa huzunguka akarudi kando ya njia yake mwenyewe, akajificha kichakani, akamngoja anayemfuata. Alituma watoto nyumba kwa nyumba kuonya kwamba asiingie mtu msituni wala asiende mtoni mpaka nyati yule apatikane.

Habari ilifika kila nyumba ila moja. Mjomba wangu, mdogo wa mama, alikuwa amelala upande wa pili wa kijiji kwa rafiki yake, na alfajiri alitoka na panga lake kwenda kukata fito. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ameposa, na fito zile zilikuwa za nyumba ya harusi. Hakusikia chochote. Nyati alimtokea hatua kumi, akamrusha, akamvunja paja, akarudi tena kumtafuta chini. Kilichomwokoa, baada ya rehema za Mwenyezi Mungu, ni shina la mti lililoanguka, alilojikokota akaingia chini yake.

Adhuhuri babu na wenzake walimwona nyati. Alikuwa amekufa mtoni, nusu ya mwili ukingoni na kichwa chote ndani ya maji.

NYAMA ILIYOACHWA

Msomaji mpenzi, nyati dume aliyekomaa huweza kupita kilo mia saba. Fikiri nyama hiyo yote, na kijiji kile, na mwezi ule. Watu walikuja na makapu na visu. Babu alisimama kando ya mto akasema kwamba nyama hii hailiwi.

Aliwaeleza Hadithi ya Adi bin Hatim, yule Sahaba wa kabila la Tai aliyekuwa msasi na ambaye maswali yake kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ndiyo yaliyotuletea sehemu kubwa ya hukumu za uwindaji. Miongoni mwa aliyofundishwa ni kwamba mnyama akikutwa amezama majini asiliwe, kwa maana haijulikani kama aliyemwua ni mshale au ni maji. Penye shaka ya namna hiyo mtu huacha.

Mmoja akamwambia, "Mzee, watoto wana njaa."

Babu akajibu, "Najua. Na wangu pia."

Sitasema kwamba wote walimsikiliza. Waliochukua walichukua. Lakini nyumbani kwetu hakikuingia hata kipande, na usiku ule tulikula muhogo kwa chumvi, mjomba akiugulia chumbani na bibi akilia kimya kimya. Nilimkasirikia sana babu. Mimi mtoto wa mjini niliona dini imetuzuia na chakula. Sikuelewa kwamba si dini iliyotuzuia. Kilichotunyima nyama ni shubiri mbili au tatu, umbali ulioko baina ya tumbo la nyati na mahali pengine ambapo risasi ile ingelimwangusha pale pale shambani, akachinjwa kwa kisu na watu wakala. Shubiri zile zile ndizo zilizomla mjomba mguu, na ndizo zilizomwadhibu nyati usiku mzima.

SOMO LA MBUZI

Babu alingoja Idd ya kuchinja ya mwaka ule, iliyoangukia likizo nyingine. Alichinja mbuzi, na kabla hajachuna aliniita, akachukua kijiti cha mkaa akachora duara ubavuni. Duara lile halikuwa katikati ya ubavu kama nilivyodhani. Lilikuwa chini, karibu na kifua, nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Kisha akapasua, akanionyesha. Pale pale palipokuwa na duara, moyo. Juu yake na kuuzunguka, mapafu mawili. Nyuma ya mapafu, kiwambo chembamba kama karatasi. Na nyuma ya kiwambo, lile tumbo kubwa lijazalo nusu ya mnyama.

"Huyu mbuzi na nyati ni nyumba moja ya ramani moja," alisema. "Mbele ya kiwambo ndiyo nyumba ya roho. Nyuma ya kiwambo ni ghala ya majani. Anayepiga ghala hakuua, ametesa."

Kila mmoja wetu amesimama mbele ya mbuzi aliyepasuliwa, lakini ni wangapi tumemtazama hivyo? Tangu siku ile nimeisoma habari hii vitabuni na kuwauliza wajuzi, na sijaona wa kumkosoa mzee. Wawindaji wa bunduki duniani kote hufundishwa kwamba mahali pa haki pa kumpiga mnyama mkubwa wa kwato ni moyo na mapafu, kupitia bega au nyuma yake kidogo, mnyama akiwa amesimama ubavu. Mapafu ni makubwa, hivyo ukikosea kidogo bado umo. Damu hupungua kwa haraka, mnyama hukimbia hatua chache akalala. Kichwa humvutia mjinga, lakini ubongo wa nyati ni mdogo, umefichwa nyuma ya mfupa mnene na pembe zilizoungana, na risasi ikiteleza huvunja taya, mnyama akaenda akafa njaa. Na anayempiga mnyama anayekwenda zake kwa nyuma, kama alivyofanya jirani yetu, hana njia ya kuufikia moyo ila kwanza apite ndani ya tumbo zima.

Babu alikuwa na masharti yake, naye aliyahesabu kwa vidole. Mnyama asimame, asiwe mbioni. Awe ubavu. Awe karibu kiasi cha jicho kutoona shaka. Asiwe na mwenziwe nyuma yake, maana risasi hupita. Jua liwe na muda wa kutosha kumfuata akikimbia. Na kidole cha mwisho, alichokuwa akikishika kwa nguvu: ukimjeruhi ni wako mpaka umwone, hata ukipoteza siku tatu na jembe lako likalala. Likikosekana moja katika hayo, uta hushushwa. Alikuwa akisema kwamba katika ujana wake alishusha uta mara nyingi kuliko alivyoufyatua, na kwamba hizo za kushusha ndizo anazotaraji kuonyeshwa siku ya hesabu.

KISU NA SUMU

Hapa pana jambo ambalo watu wa mjini hatulijui. Uta wa bara yetu ya pwani haukuwa wa chembe tupu. Mwindaji wa Kidigo na wa Kiduruma, kama jirani zake wote, alitumia sumu ya mti ambao Wamijikenda huuita mutsungu. Miti yake huchemshwa muda mrefu mpaka maji yakawa mazito meusi kama lami, chembe ikapakwa, ikafungwa ngozi isipigwe na jua wala isimguse mwenyewe. Waliopita wote katika sanaa hiyo ni Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu au Wasanye, waliowinda ndovu kwa miguu katika nyika za Tsavo kwa uta uliohitaji nguvu ya kilo 45 na zaidi kuuvuta, yaani nguvu ya kuinua nusu gunia la mahindi.

Sumu hiyo huenda moyoni moja kwa moja. Mwaka 1888 mwanakemia wa Ufaransa, Arnaud, aliitoa katika mti huo akaitambulisha kwa jina la uabeini, jina lililotokana na neno la Kisomali, na baadaye waganga wa Ulaya waliitumia kwa vipimo vidogo sana kutibia moyo huo huo. Ikiwa mbichi na mshale umeingia penye damu nyingi, mnyama haendi mbali. Ikiwa imechacha, au mshale umeingia mahali pabaya, kifo huwa kirefu.

Sasa mwindaji Muislamu afanyeje? Masheikh wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba chembe na sumu zikishirikiana kuua, basi halali na haramu zimechanganyika, na haramu ndiyo hutangulizwa. Hivyo haikumtosha msasi wa Mkongani kutaja jina la Mwenyezi Mungu akafyatua. Ilimlazimu akimbie amdiriki mnyama angali na uhai, amchinje. Ndiyo sababu babu alisema mwindaji mzuri hujulikana kwa miguu na kisu kabla ya kujulikana kwa uta.

Bunduki ilipokuja, mjadala ukaanza upya. Wako wanavyuoni waliosema risasi huponda kama jiwe, na kilichokufa kwa kupondwa si halali. Wako waliosema inatoboa na kupenya kama mshale. Imamu Shaukani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, ni mmoja wao. Watu wa tahadhari huku kwetu walikata mjadala kwa kisu: umempiga vizuri, ameanguka karibu, mwahi umchinje. Kwa njia zote mbili hukumu inarudi pale pale. Asiyejua mahali pa kupiga hatawahi kuchinja.

Na wala si suala la nyama peke yake. Iko Hadithi mashuhuri aliyoipokea Shaddad bin Aus, ambayo vijana wetu huisoma chuoni, ya kwamba wema umefaradhiwa katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mwenye kisu akinoe na ampumzishe mnyama wake. Na imepokewa kwamba Ibn Omar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakawa wanamlenga shabaha kwa mchezo, akawaambia kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo mnyama akiwa halali kuliwa, haikuhalalika kuteswa.

SHABAHA BILA HAKI

Huenda msomaji akasema, basi jambo lote ni ustadi. La. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwapo Mskoti aitwaye Bell, ambaye watu walimwita Karamojo Bell kwa sababu ya kuwinda kwake Karamoja, Uganda. Wenziwe walibeba bunduki nzito kama mizinga. Yeye alitumia risasi ndogo ya milimita saba, kwa kuwa alikuwa amelipasua fuvu la ndovu kwa msumeno akajua hasa ubongo umekaa wapi ndani ya mfupa ule wenye matundu kama sega la nyuki. Ndovu wake walianguka waliposimama. Hakuna aliyemzidi kwa mahali pa kupiga.

Lakini aliua ndovu zaidi ya 1,000, kwa ajili ya pembe. Huyu alikuwa na shabaha, ila hakuwa na kikomo. Madhehebu yetu hayahalalishi nyama ya ndovu, basi kwetu sisi ndovu aliyeuawa kwa pembe zake ameuawa ili mzoga uachwe uoze. Babu aliwahi kunambia kwamba mshale una maswali mawili, wapi na kwa nini, na kwamba wengi hufaulu la kwanza wakafeli la pili.

Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Mwenye leseni na asiye na leseni wote walifungiwa. Nilidhani babu atanung'unika. Alisema tu, "Serikali imeufunga mlango tulioshindwa kuufunga wenyewe." Alikuwa na haki ya kusema. Katika vilima vya Shimba, vilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, wanaishi palahala, wale swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ambao katika Kenya nzima hawapatikani porini ila huko. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 iliwakuta 51. Si kundi la kutosha hata kujaza zizi la tajiri mmoja.

Jirani zetu wa Tanzania bado wanaruhusu uwindaji wa leseni chini ya sheria yao ya mwaka 2009, na huko mwenye kuwinda nyati hulazimishwa bunduki isiyopungua kipimo cha .375, kwa maana risasi hafifu mahali pazuri ni hatari, na risasi nzito mahali pabaya ni hatari zaidi. Kwetu Kenya, silaha ya kumwua mnyama aliyeshambulia watu iko mikononi mwa askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Naye mambo ni yale yale: askari anayepiga kwa pupa huwaachia wanakijiji nyati mbaya kuliko yule waliyemshitaki.

Hata pasipo kuua, mahali pa kupiga ni amana. Mwaka 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba na Mwaluganje wakapelekwa Tsavo Mashariki, kwa kuwa walikuwa wamezidi na mashamba yalikuwa yakiliwa. Kila mmoja alipigwa sindano ya usingizi, kwenye mnofu mkubwa wa nyuma ambako dawa huingia vizuri na mfupa uko mbali. Na anapolala ni lazima aangaliwe alale ubavu, kwani ndovu akiangukia kifua uzito wake mwenyewe humzuia kupumua akafa usingizini. Nilipoelezwa hayo nilimkumbuka mzee na kijiti chake cha mkaa.

WAYA HAUNA JICHO

Sasa turudi kwa kijana wangu na gunia lake. Uwindaji wa uta umekwisha, na bunduki si za kila mtu. Kilichobaki msituni, na ambacho askari hukikusanya kila siku, ni waya. Waya wa baiskeli, waya wa gari, waya wa uzio, umefungwa kitanzi ukaachwa njiani mwa wanyama. Anayeutega hurudi kulala. Hajui utamnasa nani, wala utamnasa wapi, shingo au mguu, wala ataning'inia saa moja au siku tatu. Unaweza kumnasa paa, unaweza kumnasa mtoto wa ndovu, unaweza kumnasa palahala mmoja katika wale hamsini na mmoja. Na nyati mwenye nguvu huukata, akaenda nao umemla mguu mpaka mfupani, akawa ndiye yule anayekungoja kando ya njia ya mtoni.

Nilimwambia kijana kwamba nyama yake imekataliwa mara tatu. Sheria ya nchi imeikataa, na adhabu yake si ndogo. Kurani imeikataa, kwani sura ya Al-Maida imekitaja waziwazi kilichokufa kwa kunyongwa katika vilivyoharamishwa, ila kikidirikiwa kikachinjwa, na aliyekufa usiku peke yake kitanzini hakudirikiwa na mtu. Na ubinadamu umeikataa. Sisi tunaonunua kwa nusu ya bei, tukajitia kutouliza, ndio tunaokunja waya ule. Kama hapana mnunuzi Msambweni, Ukunda na Mombasa, hapana kitanzi Mkongani.

Katika miaka yangu ya utunzi nimelitunga jambo hili mara nyingi, na ubeti mmoja tu ndio ulionikalia:

Mshale ukishatoka, hauna tena kurudi,
Mnyama akianguka, au mbio akizidi,
Damu iliyomwagika, itakuwia shahidi,
Moyo ukiwa na shaka, shusha uta, ujirudi.

Wala si kwa wawindaji pekee. Idd ijayo wengi wetu tutashika visu. Tutazame makali kabla ya kumlaza mnyama, tumfiche mwenziwe asione, na mwenye mkono unaotetemeka ampe anayejua. Hapana aibu katika hilo.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mkongani kumjulia hali mjomba. Amekwisha pita miaka sabini. Harusi yake ilifanyika mwaka mmoja baadaye kuliko ilivyopangwa, na mguu haukunyoka tena. Tulitoka pamoja kwenda msikitini, yeye na mkongojo wake, nami nikipunguza mwendo. Nilimsimulia habari ya kijana na gunia. Alisimama kupumzika, akatazama upande wa msitu.

Nikamwuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii, kama alikuwa na chuki na nyati yule.

"Nyati?" alisema. "Alikuwa na risasi tumboni, mwanangu. Nami nilipita karibu yake."

Akainua mkongojo, tukaendelea, maana adhana ilikuwa imekwisha kuanza.